Robo ya Ndege

Shangazi yangu wa Tanga hakubali kwamba mtu anaweza kumiliki robo ya ndege. Nimemweleza kwa simu, nimemweleza kwa ujumbe wa sauti, nimemtumia hata picha niliyoipiga mistari kwa kalamu nyekundu, na kila mara hunirudishia swali lile lile: robo ipi, mwanangu? Ya mbele penye usukani, au ya nyuma penye choo? Maana choo kipo kweli, na tangu alipolisikia hilo Chumbageni nzima imejua kwamba kijana wao wa London ana ndege yenye choo. Habari ya robo haikuvuka kizingiti cha mlango wake.

Tuko wanne. Daktari ni wa meno, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, mwenye mikono laini na mdomo usiokubali kushindwa. Kontrakta ni Mchaga wa Moshi anayewajengea Waingereza vyumba ndani ya mapaa ya nyumba zao. Yeye ndiye mshika hazina wetu, na sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini. Kapteni ni mzee wetu. Alirusha ndege ndogo kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka ambayo sisi wengine tulikuwa tunarusha za karatasi, zikiwemo safari zile za alfajiri za kupeleka miraa Somalia, ambapo rubani akichelewa mzigo unanyauka na wenye mzigo wanachemka. Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Nadhani niliingizwa ili chama kiwe na mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao, na vikao havikosekani. Tunakutana katika mkahawa mmoja wa Wasomali, Whitechapel, na mwenye mkahawa anaamini kwa dhati kwamba sisi ni kamati ya msikiti iliyoshindwa kuelewana.

Ndege yenyewe ni Cessna 421C ya mwaka 1979. Ni katika zile ambazo abiria hapandi kwa kukanyaga bawa huku ameshika kofia. Unafungua mlango wa nyuma, ngazi inashuka, unapanda kama waziri. Ndani kuna njia katikati ya viti, viti vya nyuma vinatazamana, kuna meza ya kukunjua, na kila kiti kina kisahani chake cha majivu, kwa kuwa mwaka 1979 watu walivuta sigara popote palipokuwa na hewa, hata hewa ya kupimiwa. Injini ni mbili, za pistoni, nguvu-farasi 375 kila moja. Ndege za aina hii ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, kwa hiyo hata kitindamimba wa ukoo huo ana umri wa mtu mwenye watoto sekondari.

Robo yangu niliipata kwa bei ya gari zuri, wala si la kifahari. Gharama iko kwenye kuilisha. Injini zote mbili zikiwa kazini zinakunywa kiasi cha lita 160 kwa saa za petroli ya ndege, ile yenye rangi ya buluu, na lita moja hapa Uingereza inapita pauni 2. Kisha kuna uzito. Huku Ulaya ndege ndogo isiyofika tani 2 husamehewa ada ya njia za angani. Yetu ikijaa ni tani 3 na ushee. Kwa hiyo tukipanga safari rasmi ya kufuata vyombo, hata kama ni ya kwenda kula samaki pwani ya Ufaransa na kurudi, baada ya muda inatua bili kutoka Brussels, yaliko makao ya Eurocontrol, wakusanyaji wa ada hiyo. Siku ilipokuja ya kwanza Kontrakta aliisoma mbele na nyuma, akaiweka mezani kando ya sambusa. "Hewa tuliikuta," alisema, "na hewa tumeiacha. Sasa tunalipia nini?"

Na kila kitu ni mara mbili. Rubani wa injini moja huthibitisha uwezo wake kila baada ya miaka 2. Wa injini mbili, kila mwaka. Mtahini anaketi kando yako, anakunyima injini moja makusudi, kisha anakutazama usoni kuona utafanya nini. Daktari bado ana kinyongo na jambo hili. Anasema yeye akimkatia mgonjwa ganzi katikati ya kung'oa jino ili aone atafanya nini, mimi ndiye nitakayemtafsiria kesi.

Karatasi nazo usiziulize. Mkiani ndege ina herufi N, yaani imesajiliwa Marekani, na sheria ya Marekani haimsajilii ndege mgeni asiye raia wala mkaazi wa huko. Njia wanayopita wengi wa huku Ulaya ni kuiweka mikononi mwa mdhamini wa Kimarekani anayeishika kwa niaba yao. Nasi tukapita hapo hapo. Kwa maandishi, basi, mtu wa Tanga, wa Mombasa, wa Moshi na wa Nairobi wanasafiri kwa ndege ya Mmarekani ambaye hawajawahi kumwona, na wao ndio wanaomlipa.

Ndugu hawayajui haya. Wao wanajua kuna ndege. Shemeji yangu alitaka tumpelekee friji Bagamoyo. Nilimweleza kwamba kutoka London hadi pwani yetu ni zaidi ya kilomita 7,000, kwamba tungelazimika kutua njiani kujaza mafuta mara kadhaa, na kwamba kwa bei ya mafuta hayo angenunua duka la friji. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi tunaweza kupeleka la mtumba. Binamu yake Kapteni, kwa upande wake, alikuwa na wazo la biashara: si mzee anayo historia na miraa? Ikabidi aambiwe kwamba Uingereza imeipiga marufuku tangu Juni 2014, na kwamba kabla ya kuingia nchini kwa ndege binafsi unajaza fomu ya serikali kwenye intaneti inayotaka jina la kila aliyemo, saa 2 kabla ya kuruka kwa uchache. "Kwani miraa ina jina?" akauliza.

Haya, tuje kwenye ukarabati. Ulianza na kifaa kimoja tu, kile cha kuonyesha njia, cha miaka ya mwisho ya 1990, ambacho skrini yake ilikuwa imefifia hadi ukakisoma kwa kukifunika viganja viwili, kazi ngumu kwa mtu anayetakiwa kushika usukani. Daktari akasema tununue skrini mpya, kubwa, ya rangi. Kapteni akapinga. Yeye hupinga kwa historia. Akatukumbusha kwamba East African Airways ilianza Januari 1946 na ndege sita tu za Dominie, jina la jeshini la Dragon Rapide: mbao na kitambaa, injini mbili za pistoni za nguvu-farasi 200 kila moja, ndege iliyobuniwa na kampuni ya Kiingereza ya de Havilland. Kwa hizo sita watu walifika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam bila skrini hata moja. Rubani alitazama dirishani.

"Na waliopotea walipotea kwa dirisha hilo hilo," akasema Daktari.

Kapteni hakukubali yaishie hapo. Akatupeleka Duxford, karibu na Cambridge, ambako Rapide zingali zinaruka na wageni hulipa kupandishwa. Ni ndege nzuri kupita kiasi, sibishi. Ina mabawa juu na chini, pua ndefu, na waya nyembamba zilizokazwa katikati ya mabawa. Kapteni alisimama mbele yake ameshika kofia kifuani. Daktari akazitazama zile waya, akakigonga kitambaa kwa ukucha kama anavyogonga jino bovu, na kabla hatujafika kwenye gari alikuwa amekwisha iagiza skrini kwa simu. Kura zilikuwa tatu kwa moja. Kapteni akaomba niandike kwenye kumbukumbu kwamba wingi wa kura haujawahi kuinua ndege.

Karakana siitaji, kwa kuwa bado inatudai. Fundi alikubali kutoa kifaa kimoja na kuweka kingine. Akafungua dashibodi, akaingiza kichwa, akakaa humo muda wa kutosha kutuondolea hamu ya chai. Alipotoka alikuwa na sura ya mtu anayetafuta maneno ya upole.

Tatizo ni kwamba nyuma ya dashibodi ya mwaka 1979 hakuna kinachoishi peke yake. Skrini mpya huzungumza kwa tarakimu. Otopailoti yetu, ambayo ni ya zamani, husikiliza giro moja tu, ile inayoonyesha kama ndege imelala au imesimama sawa, na giro hiyo inazungushwa na hewa inayofyonzwa na pampu zinazoendeshwa na injini. Ukiing'oa giro, otopailoti inakuwa kiziwi. Ukiibakiza, unabakiza na pampu, na mabomba yake, na nafasi yote ile skrini mpya iliyokuwa imeitamani. Fundi aliyaeleza haya taratibu huku akichora juu ya gunia la saruji lililokuwa kwenye gari la Kontrakta. Na huyu Kontrakta, ambaye riziki yake yote ni kuwaambia Waingereza kwamba ukuta ukishabomolewa ndipo bomba bovu linapoonekana, alikuwa anayasikia maneno hayo kutoka kinywani mwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza maishani. Alibadilika rangi. "Hawa watu," alininong'oneza, "ni wezi kama sisi."

Zilikuwepo pia nyaya. Fundi alizivuta, na kadiri alivyozivuta ndivyo zilivyokuja, ndefu, ngumu, haziendi popote. Nyingine zilikuwa za Loran, mfumo wa zamani wa minara ya redio uliowaongoza mabaharia na marubani, ambao Marekani iliuzima mwaka 2010. Mmoja wa waliotutangulia alikitoa kifaa akaiacha mishipa yake. Mwisho wa waya mmoja ulikuwa kwenye antena ya tumboni, ambayo kabla ya kila safari tulikuwa tunaipangusa kwa kitambaa safi kwa amri ya Kapteni, naye alikuwa ametuonya tusiikandamize kwa kuwa ni kitu nyeti. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Daktari alifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Kapteni akasema usafi haujawahi kumdhuru mtu.

Wakati dashibodi iko mezani, Kontrakta alifanya hesabu kwamba ndege imeshafunguliwa, kwa hiyo viti navyo vishonwe. Alikuwa na rafiki mshona sofa kule Barking, fundi kweli kweli, na ngozi ya rangi ya asali aliyoipata kwa bei ya kutupa. Viti vikashonwa. Vilipendeza hadi mke wangu akauliza kama kimoja hakiwezi kubaki sebuleni. Fundi wa ndege akavitazama, akauliza cheti cha kuungua kiko wapi. Ngozi ya kiti cha ndege, ikawa tunaelimishwa, haikubaliwi mpaka kipande chake kimewashwa moto kwa utaratibu maalumu na kuonekana kinajizima haraka inavyotakiwa. Kontrakta alikuja kikaoni na kipande mfukoni na kiberiti mkononi, ili tujionee wenyewe. Mwenye mkahawa alitoka jikoni mbio. Ngozi ilijizima vizuri sana, nakiri, lakini kitambaa cha meza hakikujizima, na kikao kikaahirishwa. Hatimaye vipande vilitumwa kuchomwa kisheria, kwa ada, na mshona sofa wa Barking hadi leo huwasimulia wateja wake kwamba kuna Waafrika London wanaolipia ngozi ichomwe.

Rangi ya nje ndiyo kazi pekee ambayo Kapteni aliiunga mkono, kwa sababu ya neno moja. Kwenye vifuniko vya injini palikuwa na maandishi makubwa: TURBO. Kwa injini ya pistoni maana yake ni kwamba hewa inasukumwa ndani kwa nguvu ili ipumue vizuri juu. Kwa kijana wa lori la mafuta maana yake ni jeti, na jeti inakunywa mafuta ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Mkanganyiko huo umewahi kuua watu kwenye ndege za namna hii: tangi linajazwa, ndege inaruka kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, kisha injini zote mbili zinakataa kwa pamoja. Ndiyo maana midomo ya matangi ilikuja kuwekewa pete za kuifanya iwe myembamba, na mdomo wa mpira wa mafuta ya jeti ukatengenezwa mpana na bapa, visikubaliane.

Sisi tulijionea havikubaliani. Ilikuwa ng'ambo ya Mlango wa Kiingereza, kwenye uwanja nisioutaja. Kapteni alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ndege, viatu amevua, anajipumzisha, lori lilipofika upande wa pili wa bawa. Kijana akaona TURBO, akavuta mpira wake, akajaribu kuutia, haukuingia. Akaugeuza, akajaribu kwa ubavu. Kapteni alisikia chuma kikigonga chuma. Sikujua kwamba mzee yule anaweza kukimbia, tena kwa soksi, huku akipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha redio na kwa Kisomali cha Kismayu. Yule kijana hakuelewa hata neno moja, ila alielewa kasi. Aliacha mpira, akarudi nyuma na mikono juu. Baadaye walikunywa kahawa pamoja, na Kapteni akamwonyesha kwa vidole tofauti ya mafuta ya buluu na yasiyo na rangi. Sasa maandishi yamefutwa na rangi mpya imepakwa juu yake. Bado jioni, jua likilala, TURBO inaonekana kwa chini kama kovu.

Ndege ikarudi hewani. Siku ile tulivaa. Mke wangu alitandika kanga juu ya ngozi ya asali, akasema haiketiwi hivi hivi. Tukapanda hadi futi 20,000, na hapo niwaeleze raha yenyewe ya ndege hizi: mwili wake umefungwa na kujazwa hewa, kwa hiyo nje ukiwa juu ya milima yote ya Ulaya, ndani unapumua kama mtu aliyeketi Karen, Nairobi, futi 6,000 hivi. Tulikaa Karen kwa raha zetu. Kisha ukaanza mluzi mwembamba nyuma, kwenye mpira wa mlango, ambao ulikuwa mzee na hakuna aliyeukumbuka katika karamu ya skrini. Daktari akasoma kipimo: tumefika Nyahururu. Mluzi ukawa filimbi. Tulipokuwa tunakaribia kibanda cha Mandara, kule Kilimanjaro, Kontrakta, ambaye kwao ndiko, alisema yeye huko hupanda kwa miguu na kwa hiari, akaomba tushuke.

Kushuka nako si jambo la ghafla. Injini hizi zina gia: ndani mhimili unazunguka mara 3,350 kwa dakika, propela nje mara 2,235 hivi, na gia katikati yao hazipendi kushtuliwa. Kapteni hupunguza nguvu kidogo kidogo kwa saa ya mkononi, na midomo yake inatembea kama ya msoma uradi. Lakini anga ya London imebanwa na Heathrow, Gatwick, Luton, Stansted na City, na sauti ya redioni hutaka ushuke sasa, si baada ya uradi. Kwa kawaida Kapteni hulimaliza hili kwa kuanza kushuka mapema mno, sisi tukiwa bado tunamimina chai juu ya Ubelgiji. Siku ile ya filimbi alilazimika kuomba radhi kwa mwongoza ndege kwa Kiingereza kirefu sana, na alipomaliza tulikuwa tayari chini.

Mpira wa mlango ulibadilishwa. Kilichotumaliza ni kipimo kipya cha injini, kilichokuja pamoja na skrini. Zamani kila injini ilikuwa na mshale mmoja wa joto, uliosimama ndani ya kijani mwaka hadi mwaka, na sisi tukasimama nao. Sasa tunaziona silinda zote 12, kila moja na nguzo yake ya rangi, na mashine inaandika kumbukumbu ambazo Daktari huzipakua nyumbani na kuzisoma usiku. Mtu akishaweka kipimo cha presha kando ya kitanda, usingizi umehama nyumba; ndivyo alivyokuwa Daktari. Ndege haikuwa imebadilika hata kidogo. Zilizobadilika zilikuwa habari tunazozipata juu yake.

Silinda namba 5 ya kushoto ilikuwa na homa. Daktari aliitisha kikao cha dharura, akaja na grafu. Kapteni alipendekeza kipande cha plasta kibandikwe juu ya namba 5. Mimi na Kontrakta tuligawana, kura zikawa mbili kwa mbili, na kabla hatujapata pa kutokea Daktari akatoboa kwamba amekwisha agiza silinda mpya, kutoka kiwandani Mobile, Alabama, kwa kadi yake mwenyewe, na sisi tutamrudishia. Fundi alipoulizwa, hakugusa silinda. Alikitoa kihisi cha namba 5 akakiweka namba 3, na cha namba 3 akakiweka namba 5. Tukaruka. Homa ikawa namba 3. Kilichokuwa kibovu ni kihisi, kiwaya cha bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Silinda ilifika wiki hiyo hiyo, na bili ya ushuru wa forodha juu yake. Stoo ya Kontrakta imejaa madirisha. Mke wa Daktari alikataa kabla hajaulizwa. Kapteni anakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti. Kwa hiyo iko kwangu, sebuleni. Kontrakta ameshapata mnunuzi zaidi ya mmoja, lakini Kapteni anakataa: kipuri kikiuzwa Ijumaa, anasema, kitahitajika Jumatatu. Mke wangu ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka rimoti ya televisheni, na wageni wanaoijua adabu hawaulizi. Kapteni akija, watoto wanamwamkia mlangoni. Anawaitikia "marahaba" huku amekwisha inama, kitambaa kiko mkononi, rimoti iko sakafuni, anapapasa mapezi ya silinda kwa kidole kuangalia kama tumeacha kutu iingie.